Mtoto wa Rihab

Jumapili, 3 Februari

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Wamenirudisha mimi, wamembakiza yeye.

Alizaliwa jana kabla ya adhuhuri, kwa kisu, wiki ya thelathini na moja. Kilo moja na gramu mia tatu. Mwanamume. Nilimwona mara moja tu, nikiwa kwenye kiti cha magurudumu: ndani ya sanduku la kioo, kofia ya sufi imemfunika hadi machoni, mirija puani, kifua kinapanda na kushuka kama cha njiwa aliyeshikwa mkononi. Njiti. Juu ya kioo wamebandika karatasi, wameandika kwa kalamu nene: MTOTO WA RIHAB.

Nilikitazama kile kikaratasi muda mrefu kuliko nilivyomtazama mtoto. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu cheti cha chuo sijaona jina langu mahali pa wazi. Kwenye kadi ya harusi waliandika "binti wa Mwalimu Abdel-Maqsud". Hapa nyumbani mimi ni mke wa Awad. Kwa siku kumi na moja nilikuwa Mama Siraj. Siraj alipokufa waliendelea kuniita hivyo kwa mazoea ya ulimi, kisha mmoja akashtuka, wote wakaacha. Ghaith hakuishi hadi mtu aniite kwa jina lake. Sasa naitwa "wewe".

Mama mkwe, Hajja Bahiya, alinisindikiza njia nzima. Tulipofika mlangoni akanishika kiwiko.

"Usimpe jina," akasema. "Hata moyoni usimpe."

Nimeshampa. Tangu mimba ilipokuwa na miezi minne.


Jumatatu, 4 Februari

Kidonda kinauma nikicheka na nikikohoa. Ya kucheka hayapo, basi ni kukohoa tu.

Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na mjini ni mwendo wa saa nzima kwa barabara ya mferejini. Kwa hiyo nakamua maziwa alfajiri, chupa mbili ndogo, nazifunga kwenye ndoo yenye barafu. Anapeleka Shahat, kaka wa mume wangu. Kila siku anapeleka vitunguu sokoni kwa pikapu yake, na hospitali iko njiani. Ni pande la mtu, mlango wetu anaupita kwa ubavu. Miaka minne tunaishi uani pamoja na hajawahi kunitazama usoni. Akitaka kuniambia jambo humwambia mbuzi, nami nasikia. Jioni amerudi, akauambia ukuta:

"Wamepokea. Hajambo."

Hajja aliniletea uwatu wa moto, wa kuongeza maziwa. Akasimama juu yangu mpaka nikamaliza.

"Unamwona yule?" akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Dume la ng'ombe. Kabla yake nilizika watatu, wote nimewapa majina ya wafalme. Yeye nikamwombea vitambaa milango saba, nikamshonea shati la viraka, nikamwita Ombaomba. Mauti yakapita mlangoni yakauliza, nani yumo humu? Yakaambiwa, Ombaomba. Yakasema, huyo wa nini."

Ndiyo maana ya Shahat. Hapa kwetu halimchekeshi mtu jina hilo. Kijiji kina wanaume watano wanaoitwa hivyo, wengine wana trekta na nyumba za ghorofa, na nyuma ya kila mmoja kuna makaburi mawili matatu ya urefu wa mkono. Mume wangu naye ni Awad, fidia: alizaliwa mwaka mmoja baada ya dada yao kufa kwa surua.

"Mimi nimesoma, Mama," nikamwambia.

"Najua umesoma. Siraj ulimsomea nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana limeingia.


Jumanne, 5 Februari

Awad alipiga simu kutoka Kuwait, saa yao ya chakula. Nyuma yake mashine ya kukata marumaru haikunyamaza.

"Anafanana na nani?"

"Hafanani na mtu. Bado hajaanza kufanana."

Nikamwambia. Nikalitamka kwa mara ya kwanza mbele ya mtu: "Nataka aitwe Anis."

Mashine ikalia muda mrefu. "Zuri," akasema. Kisha: "Mama anasemaje?"

"Anataka Shahat. Na kuomba, na shati."

"Basi usimuudhi, Rihab. Kuandikisha tuna siku kumi na tano. Ndani ya siku kumi na tano..."

Hakumaliza. Nilimmalizia kimoyomoyo.

Anis ni yule ambaye akiwa chumbani huoni upweke. Husemwa kuhusu rafiki, kuhusu kitabu, hata kuhusu taa iliyoachwa ikiwaka kwa mgonjwa. Si jina la mfalme wala la shujaa. Siraj lilikuwa taa. Nilitaka nyumba iwake. Ghaith ni mvua inayokuja watu wameshakata tamaa. Nilikuwa nafundisha Kiarabu shuleni, na majina niliyachagua kama mwanamke dukani anavyochagua kitambaa, kwa kuyashikashika. Kwenye matanga ya Ghaith nilisikia mmoja nyuma yangu akisema: majina ya kujishaua, jicho la hasidi litakosaje?

Baba yangu amependekeza Yahya, maana yake anaishi. Baba naye! Makaburini kwetu, upande wa mlimani, wamo Yahya watatu. Mkubwa wao alikuwa na miaka miwili.

Shahat jioni, kwa mbuzi: "Wamepokea. Anazidi kunona."


Alhamisi, 7 Februari

Saa nne nesi alipiga simu. Sauti ya msichana aliyechoka. Akauliza kama mimi ndiye mama wa mtoto wa Rihab.

"Mimi ndiye Rihab."

"Mbona huleti maziwa? Siku tatu tunakungoja. Namba iliyoandikwa hapa ilikuwa ya Kuwait, haipokelewi, leo ndiyo nimeipata yako. Tulimpa ya kopo. Tumbo limevimba, daktari ameyasimamisha."

Nilisema kuna makosa. Nilisema maziwa yanaletwa kila siku. Akaniambia, dada, mimi ndiye ninayekaa dirishani.

Shahat amerudi alasiri. Hajja alimkalisha kwenye baraza la udongo, mimi nikasimama nyuma ya mlango.

"Chupa unampa nani?"

Akaivua kofia, akaivaa.

"Pale dirishani kuna foleni," akasema. "Wanaume watupu. Nesi akauliza, mtoto wa nani? Nikamwambia, wa Awad Abdel-Rasul. Akasema hapa hatuna Awad, hapa watoto wanaandikwa kwa mama, taja jina la mama. Na nyuma yangu amesimama mtoto wa Hammam, wa hapa kwetu, na wakwe zake."

"Ukasema nini?"

"Ningesemaje? Nikatoka. Kesho yake nikaenda mapema, foleni ileile. Jana na leo hali kadhalika."

"Na maziwa?"

"Niliyamwaga. Darajani." Halafu, kwa sauti ya chini: "Kwa heshima. Nilipiga bismillahi."

Nikatoka nyuma ya mlango. Yeye akageuzia uso ukutani asinione kichwa wazi.

"Shemeji," akasema, "jina lako si kitu cha kutupwa sokoni. Hata la mama yangu huyu sijapata kulitaja mbele za watu. Wakalitie midomoni, wakalitanie?"

"Ulisema hajambo," nikasema. "Ulisema ananona. Ulimwona wapi?"

Hajja alisema, "Aibu ni aibu," kama mtu anayetaka kumtetea. Kisha akakaa chini palepale, vumbini.

Mtu amelibeba jina la Ombaomba miaka arobaini bila kuona haya. Langu ameshindwa kulibeba hatua tatu, kutoka foleni hadi dirishani.


Ijumaa, 8 Februari

Siku ya saba, na sherehe ya mtoto haipo. Hakuna ungo wa kumpepetea mtoto, hakuna kinu cha kumzoesha kelele, hakuna chumvi ya kurushwa. Mtoto mwenyewe hayupo.

Baada ya sala ya Ijumaa Hajja aliingia chumbani na mishumaa mitatu, akaisimamisha kwenye sinia la shaba lenye maji. Kila mshumaa jina lake, utakaodumu ndio jina. Akasema, akielekeza kidole: "Huu Shahat. Huu Yahya, kwa ajili ya baba yako. Na huu—lile la kwako. Litaje."

Kumbe anajua kwamba lipo. Awad amemwambia.

"Anis," nikasema.

"Anis," akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. "Sogea, upepo usiupate."

Tukakaa. Yahya ulipinda ukafa mapema majini. Hakuna aliyeshangaa. Shahat na Anis ikaenda sawasawa, mpaka Anis ukaanza kulia upande mmoja, nta ikichuruzika, ulimi mdogo wa moto ukirefuka, ukifupika. Nilijua ninachokiona. Nilishakiona mara mbili.

Nikanyoosha mkono nikaizima yote miwili kwa vidole. Hajja hakunikemea. Alinipaka samli penye malengelenge.


Jumamosi, 9 Februari

Nimekwenda. Wiki moja na kidonda kibichi—na waseme wanavyotaka. Shahat aliendesha, Hajja katikati yetu, hakuna aliyefungua mdomo ila kwenye mashimo.

Tumbo linang'aa kama kibofu. Mguu wake ni mnene kama kidole changu. Daktari ni mwanamke wa rika langu, hana maneno mengi. Utumbo umeshambuliwa, wanampa dawa kwenye mshipa, wanasubiri. "Maziwa endelea kukamua, yasikauke," akasema. Nikamuuliza, kama angepata ya kwangu tangu Jumatatu? Akatazama karatasi zake. "Kwa njiti maziwa ya mama ni nusu ya dawa," akasema, akaishia hapo.

Masanduku kumi na mawili kwa safu. Mtoto wa Fawqiya. Mtoto wa Inshirah. Mtoto wa Hamida. Huko nje wanaume wanachomoleana visu kwa ajili ya mtu kumtaja mama wa mwingine. Humu ndani mama zao wote wamebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na hakuna aliyekufa kwa hilo. La tano lilikuwa tupu, kioo kimefutwa, kipande cha gundi kimebaki.

Nesi akaniuliza kama amepata jina. Nikasema bado. Nilimsogelea pale kwenye tundu la mkono nikamwambia jina lake kimyakimya. Moyo kwenye mashine haukubadilika. Sijui nilitarajia nini.


Jumapili, 10 Februari

Hakuna habari.


Jumatatu, 11 Februari

Usiku wa kuamkia leo alisahau kupumua mara mbili. Ndivyo nesi alivyosema: alisahau. Wakamkumbusha.

Hajja alifungua sanduku lake la harusi akanitolea shati. La mtoto wa mwezi mmoja, vitambaa saba: kaniki, kipande cha mto, kitambaa cha kijani cha mtu aliyekwenda Hija, gunia la sukari. Limekakamaa kama ngozi. Nilijaribu kuvuta picha ya Shahat ndani yake, ikagoma.

"Mlango wa nne walinifungia," akasema. "Mke wa shemeji yangu mwenyewe, mdogo wake mume wangu Abdel-Rasul. Akanichungulia tunduni akasema, leo umejua kuomba? Mimi niliyekuwa napita na dhahabu hadi hapa," akagusa kiwiko. "Nikasimama. Nikasema, ndiyo, leo nimejua."

"Na uliamini, Mama? Uliamini kweli kwamba jina litamlinda?"

Alifikiri. Sikumbuki lini mtu wa nyumba hii alifikiri kabla ya kunijibu.

"Nilikuwa nimeshamaliza vya kuamini," akasema. "Nikabaki na miguu."

Amekwenda kulisha njiwa. Mimi nimebaki nalo mapajani, nikitafuta pa kulicheka kwa elimu yangu yote, nisipate.

Kwa sababu Anis ni nini? Nimelizunguka wiki nzima. Sikutafuta jina la mtoto. Nilitafuta mtu wa kukaa nami katika nyumba ambayo hakuna anayenitaja, mume yuko Kuwait, mchana mrefu. Nilimpa kazi kabla hajapata kucha. Siraj, niwashie. Ghaith, ninyeshee. Anis, kaa nami. Nimekuwa ombaomba siku zote. Hajja aliomba peku, milangoni, watu wakimwona. Mimi niliomba kwa Kiarabu kizuri, nikadhani natoa zawadi.


Jumanne, 12 Februari

Nesi amepiga: tumbo limelegea kidogo. Kesho watajaribu maziwa yangu, matone mawili kila baada ya saa tatu. Leteni.

Sitaki kuandika zaidi. Nikiandika nitatumaini.

Shahat alisikia. Akamwambia mbuzi: "Kesho nitapeleka mimi." Hajja akasema, "Wewe?" Akarudia, "Mimi."

Kesho nitakwenda kuomba. Nimeshamwambia Hajja. Hakufurahi, hakusema "si nilikuambia". Amenigeuzia shali nyeusi, ndani nje.


Jumatano, 13 Februari

Shahat aliondoka na ndoo alfajiri. Mimi niliondoka jua lilipofika kwenye mnara wa njiwa.

Masharti ya Hajja: kwa miguu, peku. Usivuke kizingiti. Usimtaje mtu kwa jina. Ukipewa usichague. Mlango ukifungwa usiuhesabu. Na neno ni moja: Nipeni kitambaa kwa ajili ya Mungu, nina mtoto ombaomba.

Mlango wa kwanza, mjane anayeuza mayai alinitazama miguu, akachana foronya yake bila kuuliza. Wa pili alilia, ikawa nimbembeleze yeye. Wa tatu alifungua msichana niliyemfundisha shuleni, Nagah, aliyekuwa bora kwa insha.

"Mwalimu?"

"Nipeni kitambaa kwa ajili ya Mungu," nikasema, "nina mtoto ombaomba."

Nilimwona akitafuta ndani yangu yule mwanamke wa ubaoni aliyewaambia mambo haya ni ya wasiosoma. Kisha akaingia, akarudi na mkono wa sare yake ya shule, umekatwa kwa mkasi, mpya.

Wa nne, wa tano. Kisha mlango wa bluu karibu na mashine ya kusaga: mwanamke mgeni kijijini, ameolewa majuzi, hanijui. Hakufungua hata komeo. "Mungu akupe," akaniambia kwa ndani. Jibu la ombaomba halisi. Nilisimama pale nikilisikia linavyoniingia. Halikuniumiza kama nilivyodhani. Huyo sikumhesabu. Wa sita alinipa kipande cha pazia.

Kidonda kilikuwa kimeanza kulowana. Nikarudi nikapumue, nimalizie wa saba baadaye. Hajja amenitungia sindano, macho yake hayaoni tundu lakini amekataa nimsaidie. Nimeshona vitano, cha sita nakipiga pindo. Shati dogo mno. Hata hivyo litamzidi.

Saa tano na robo. Simu imelia. Shahat. Hajawahi kunipigia maisha yake.

"Shemeji," akasema. "Usikate. Naiweka mfukoni, hapa kifuani. Nataka usikie, usije ukasema tena nimekudanganya."

Naandika huku simu iko juu ya mkeka, sauti ya juu. Mikono nisipoipa kazi itanitoroka. Foleni: kikohozi, mtu analalamikia mafuta kupanda bei. Hatua. Kikohozi tena. Hatua.

Nesi: "Mtoto wa nani?"

Hajja ameacha sindano hewani.

"Mtoto wa Rihab."

Kwa sauti kubwa, kama anayeuza vitunguu. Kisha, kama kwamba haikutosha: "Rihab binti Abdel-Maqsud." Mtu nyuma yake amecheka kidogo, akanyamaza. Karatasi zinafunuliwa.

"Wewe ni nani wake?"

"Ami yake. Nimeleta maziwa. Jina la mama ndilo hilo, Rihab, nimelitaja."

"Nimesikia." Karatasi zimesimama. "Kaa hapo pembeni, usiondoke. Daktari anakuja kuzungumza nawe."

"Chupa nikupe?"

"Chupa kaa nayo kwanza."

Mlango umefungwa huko. Hajja ananiuliza, amesema nini, masikio yangu siku hizi hayasikii. Jana walisema leteni, leo chupa hawaipokei. Cha saba bado sijakipata. Simu iko wazi, namsikia Shahat anavyopumua kwa nguvu karibu na kitambaa cha mfuko, na sasa kuna mtu mwingine amemfikia, sauti ya yule daktari mwanamke, inamuuliza kwa upole mtoto ni wa nani, na yeye anajibu tena, polepole zaidi: "Wa Rihab. Ndiyo. Wa Rihab."